Makao ya wazee Malindi au walezi nyumbani Lamu: vya kupima kabla ya kumhamisha mzee

Mtu akiniuliza makao gani ya wazee ni mazuri hapa Malindi, na mimi humuuliza: mzee wako huamka mara ngapi usiku, na akiamka huenda wapi? Wengi hubaki kimya. Wanajua mzee anapenda samaki gani, wanajua dawa zake za presha zinanunuliwa duka gani, lakini usiku wake wamemwachia dada wa kazi anayelala chumba cha pili na simu sikioni. Mchana kila mahali pana watu na pana mwanga, hata makao mabovu yanapendeza. Saa nane za usiku, mzee anapotaka choo na hakumbuki kiko upande gani, ndipo utakapojua pesa zako zinanunua nini.

Kwetu suala hili lilitufika kupitia mama mkubwa, mwenyeji wa Mkomani, Lamu, mwenye sukari, magoti yaliyochoka na maradhi ya kusahau yaliyokuwa yakizidi kila mwezi. Watoto wake mmoja yuko Mombasa, mmoja Dubai, na sisi wana wa mdogo wake tuko Malindi. Njia zilikuwa tatu. Abaki kwake Lamu, tumwekee walezi. Aje Malindi kwenye makao ya kulipia ya mtu binafsi. Au tumwombee nafasi kwenye makao ya shirika la dini, yanayoendeshwa na masista, ambako familia huchangia kwa kadiri ya uwezo wake.

Nitangulize hukumu kwa asiye na muda. Mzee mwenye akili timamu, ambaye miguu tu ndiyo iliyomtupa, mwache kwake, mpunguzie ngazi na umwekee walezi wawili wa kupokezana. Mzee anayetoka usiku, asiyetambua watu, au anayehitaji kugeuzwa kitandani, anafaa zaidi kwenye nyumba yenye mtu aliye macho usiku kucha, iwe ya kulipia au ya masista, mradi nyumba hiyo ifaulu maswali yaliyo hapa chini. Na mzee asiye na mtu kabisa ndiye mwenye haki ya kwanza ya kitanda cha masista. Sisi wenye ndugu Dubai tusimzibie.

Kwanza lile la "watu watasema nini"

Lamu utaulizwa barazani, kwa sauti ya chini: "Ati mwampeleka mama nyumba ya wazee?" Na habari itafika Mombasa kabla yako. Chanzo chake kinaeleweka. Makao tuliyoyajua tangu zamani yalikuwa ya wasio na watu. Welezo kule Unguja serikali huwatunza wazee wasio na wa kuwatunza. Nyumba ya Wazee ya Kasarani, Nairobi, ya masista wa Little Sisters of the Poor, ni ya wazee maskini. Hapa Kilifi ipo Kaya Godoma, upande wa Ganze, kimbilio la wazee waliosingiziwa uchawi, na mara nyingi ukiichimba tuhuma yenyewe utakuta shamba la urithi chini yake. Hizo ni nyumba za kuokoa watu, na zina heshima yake. Makao ya kulipia, ambayo kwa Kenya mengi yako Nairobi na Kiambu na huku pwani bado ni ya kuhesabika, ni jambo jingine: unanunua huduma, kwa hivyo una haki ya kuikagua mpaka uvunguni.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kupata uangalizi kutoka kwa jamaa zake na kwa serikali. Hakuna palipoandikwa kwamba uangalizi huo utolewe na binti mmoja aliyeachishwa kazi. Nimeona pia kwamba wanaosema kwa nguvu zaidi "mama hatoki nyumbani" ni nadra kuwa ndio wanaobadilisha mashuka.

Usiku

Swali lina sehemu tatu, na usikubali kujibiwa moja: usiku pana wahudumu wangapi, kwa wazee wangapi, na wako macho au wamelala? "Tuko hapa saa ishirini na nne" hilo si jibu. Hata mlinzi wa getini yuko hapo saa ishirini na nne.

Makao ya kulipia tuliyoyaona yalikuwa na wahudumu wawili wa usiku, mmoja macho na mmoja amejinyoosha akisubiri kuitwa. Huo ni mpango wa haki. Kilichonitia wasiwasi ni kengele. Kila kitanda kina kitufe ukutani, na meneja alituonyesha kwa fahari. Nilikibonyeza kile cha kitanda kilichokuwa kitupu, tukaendelea kuongea, na hakuna aliyekuja. Kabati liliposogezwa, waya ulikuwa umechomoka, umelala sakafuni, na vumbi juu yake si la jana.

Kwa masista hakuna kengele. Pembeni mwa kila kitanda pana stuli, juu yake kopo la maziwa na kijiko. Bibi mmoja alikuwa akiligonga tulipokuwa pale, na msichana alifika kabla hajaligonga mara ya pili. Wahudumu wa usiku ni wachache kuliko wale wa kulipia na wazee ni wengi zaidi, hilo lazima lisemwe. Lakini vitanda viko kwenye ukumbi mmoja, kwa hivyo mzee mwenye akili zake humwitia mwenzake aliyeanguka. Faragha imepungua, usalama umeongezeka. Kwa mtu aliyezoea chumba chake na kufuli lake, mpango huo ni mgumu. Kwa anayesahau, mimi ningeuchagua.

Na Lamu? Hapo ndipo familia nyingi zinapojidanganya. Wanamwajiri msichana mmoja, apike, afue, amwoshe mzee, ampe dawa, kisha usiku awe macho. Hakuna mwanadamu wa kuiweza kazi hiyo zaidi ya wiki mbili. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya mwaka ya siku 21 za kazi. Ukiziheshimu hesabu hizo, na uziheshimu, unahitaji walezi wawili na mtu wa tatu wa kushika siku za mapumziko. Ukisikia mtu asema kumtunza mzee nyumbani ni rahisi, muulize walezi wake ni wangapi.

Omba uone daftari la usiku. Nyumba nzuri inalo, na mstari wake unasema kitu: saa sita kaamka, kakojoa, kapewa maji, saa tisa alikuwa akimwita marehemu mumewe, tukakaa naye. Ukikuta "amelala, amelala, amelala" kwa wazee wote, wiki nzima, kwa kalamu moja na mwandiko uleule usiotetereka, jua limejazwa asubuhi kwa mkupuo.

Asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe takriban kila saa mbili, la sivyo ngozi ya kifandugu, nyonga na visigino huanza kuoza. Huwezi kuwafunua wazee wa watu, lakini unaweza kuuliza: sasa hivi mna mzee mwenye kidonda cha kulalia, na kilianzia hapa au alikuja nacho? Makao ya kweli hujibu bila kukasirika, kwa sababu vidonda hutokea hata kwa waangalifu. Anayesema havijawahi kutokea kabisa ndiye wa kumwogopa.

Nenda pia alasiri, karibu na magharibi. Wenye maradhi ya kusahau wengi huhangaika wakati huo: wanataka kwenda kwao, wanatafuta watoto waliokwisha kuwa wazee, wanalia. Nyumba yenye wazee kadhaa wa aina hiyo huwa na kelele kidogo saa kumi na moja za jioni. Ukiwakuta wote wamesinzia vitini, videvu kifuani, uliza dawa ya kutuliza inaandikwa na nani, kwa mzee gani, na familia ilikubali lini. Mzee anayenyweshwa dawa ili wahudumu wapumzike huanguka zaidi, hula kidogo, na hukojoa alipo.

Ngazi, choo na maji

Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa watu wenye magoti. Ngazi ni nyembamba na ndefu, kila kipandio na kimo chake, na nyumba nyingi jiko liko juu. Mama mkubwa anazipanda gizani kwa kupapasa ukuta, kwa sababu mkono wake unaujua ukuta huo tangu utoto. Hilo ni jambo la kupimwa kwa uzito wake. Mtu anayesahau hubaki na kumbukumbu za mwili muda mrefu baada ya majina kupotea, na ukimtoa kwenye nyumba anayoijua kwa viganja, unaweza kumpotezea choo, kitanda na mlango kwa siku moja. Familia nyingi huona mzee amezidiwa ghafla wiki ya kwanza ya kuhama, halafu wanawalaumu wahudumu.

Kwa hivyo kama nyumba ya Lamu ina chumba cha chini, anzia hapo. Mshushe chini kabla hajaanguka, weka choo cha kukalia, vyuma vya kushikia pande zote mbili, na taa ndogo isiyozimwa kati ya kitanda na choo. Birika la kuogea, lile hodhi la maji la bafuni, liache, maana kujimwagia kwa kata ndiko kuoga anakokujua. Usidhani tu kwamba utabomoa ukuta upendavyo: mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na kugusa nyumba za mawe kuna taratibu zake. Wengine chumba cha chini wamekipangisha kuwa duka, na hapo mazungumzo na mpangaji ni marefu kuliko kazi ya fundi.

Malindi nyumba ni tambarare, na hapo makao yote mawili yanaipita Lamu. Lakini tazama chini. Yale ya kulipia yalikuwa na vigae vinavyong'aa mpaka ujione uso, kuanzia sebuleni hadi bafuni, na bafuni vilikuwa na maji. Kwa masista sakafu ni ya saruji iliyokwaruzwa, mbaya kwa picha, na hakuna atakayeteleza. Vua viatu, tembea bafuni bila kushika kitu, halafu amua. Kaa kwenye choo chenyewe ujaribu kuinuka ukiwa umefunga mkono mmoja. Pima kama kiti cha magurudumu kinapita mlangoni na bado kinaweza kugeuka ndani. Watakutazama kwa mshangao, na wakutazame.

Maji ya mfereji Malindi yanatoka Baricho, kwenye Mto Sabaki, na wenyeji tunajua yakikatika huwa si kwa saa moja. Nyumba yenye wazee wanaojichafua haiwezi kungoja. Uliza tangi ni la ujazo gani na lilijazwa lini mara ya mwisho. Kisha pua yako ikusaidie: harufu ya mkojo asubuhi mapema ni ya kawaida popote penye wazee, harufu hiyohiyo saa nane mchana, ndani ya godoro, ni jawabu.

Maji ya kunywa ni shauri jingine. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, joto la Malindi linamkausha mzee naye hasikii kiu. Akikaukiwa huchanganyikiwa, na mkojo ukipata maambukizi huchanganyikiwa zaidi, watu wakasema uzee umemzidi. Katika makao yoyote hesabu vikombe vilivyo mikononi mwa wazee. Jagi lililojaa mezani halimnyweshi mtu.

Dawa

Hapa sitakawia, kwa sababu dalili huonekana upesi. Kila mzee awe na sanduku lenye jina lake, na karatasi inayotiwa sahihi kila dozi inapotolewa. Insulini iwe kwenye friji inayofanya kazi, na umeme ukikatika wakuambie wanafanya nini. Wakikuambia wana muuguzi, uliza jina lake na uthibitishe kwamba amesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Mhudumu mwenye huruma ni neema, lakini sindano ya sukari si ya huruma. Lamu kwa walezi wetu lingekuwa gumu hili, kwa sababu hakuna anayewasahihisha. Tuliona ingehitajika nesi wa kupita nyumbani angalau mara moja kwa wiki.

Kuoga, kuswali, kula, na tambuu

Mama mkubwa hakuwahi kufunuliwa na mwanamume asiye mume wake, na hataanza sasa. Swali letu la kwanza kwa makao yote lilikuwa: nani atamwosha, na yule akiwa likizo ni nani? Makao ya kulipia walijibu "tuna wahudumu wa jinsia zote, hakuna tatizo," jibu linaloonyesha hawakulisikia swali. Tulipolirudia wakakubali kuandika kwamba ataoshwa na wanawake tu. Masista walilielewa kabla hatujalimaliza.

Kwa sababu wao ni Wakristo tuliuliza waziwazi juu ya chakula na sala. Nguruwe haingii jikoni kwao, nyama inatoka bucha ya Kiislamu, na kulikuwa na bibi wa Kigiriama aliyesilimu, ambaye kitanda chake walikigeuza ili akiswali kwa kukaa aelekee kibla. Makao ya kulipia walikuwa na chumba cha sala kizuri, zulia jipya, na lebo bado haijabanduliwa. Chumba hakitoshi. Kuna mtu wa kumkumbusha kwamba ameshaswali adhuhuri, ili asiirudie mara nne akihangaika? Kuna wa kumtia udhu? Na Ramadhani, mgonjwa wa insulini akikataa kula kwa sababu anasikia adhana na anajua ni mwezi gani, nani atakaa naye amweleze habari ya fidya ya asiyeweza kufunga kwa upole, kila siku upya, kwa kuwa jana amesahau?

Chakula tulikila. Usionyeshwe menyu, kaa mezani ule wanachokula wazee, saa ileile. Kwa kulipia tulipewa wali na samaki wa kipande, mwiba ndani, mbele ya bibi asiye na meno. Kwa masista ilikuwa bokoboko ya ngano na nyama, imepondwa vizuri, chumvi kidogo. Siku nyingine huenda ingekuwa kinyume, lakini mwiba ule sikuupenda.

Tambuu, lile jani la kutafuna lenye popoo na chokaa, ikaleta kikao kizima cha familia. Mama mkubwa hutafuna tangu ujana, na kijaluba chake cha kuiwekea kiko chini ya mto. Makao ya kulipia wanakataza, wanasema inatia madoa kuta na mashuka, na daktari wao anasema inadhuru kinywa, hasa ikitiwa tumbaku. Daktari yuko sahihi. Masista wanaruhusu, nje barazani, na kopo la kutemea. Mimi nilisema hivi kwenye kikao na nasema tena: mtu wa umri ule ukimnyang'anya tambuu ili kuta zibaki nyeupe, umeangalia mali ya mwenye nyumba. Tulikubaliana tumbaku itolewe na tambuu ibaki.

Katika haya yote Lamu haina mshindani. Mwenye kupita anaita "Bi Mkubwa, shikamoo!" kutoka uchochoroni naye anajibu "Marahaba, wewe mwana wa nani?" na huambiwa, na kesho huuliza tena, na huambiwa tena bila kuchekwa. Hakuna makao ya kulipia yanayouza kitu hicho. Ukimleta mzee Malindi unamleta mahali ambapo hakuna anayemjua baba yake alikuwa nani. Pengo hilo hulijaza wewe mwenyewe kwa miguu yako, na kama hutaweza kwenda mara mbili au tatu kwa wiki, basi lihesabu kama hasara halisi, sawa na ada.

Akizidiwa

Hapa Malindi inashinda bila ubishi. Ina hospitali ya serikali ya kaunti ndogo, ina hospitali za binafsi, tuktuk inafika mlangoni saa yoyote, na Mombasa ni kiasi cha kilomita 120 kwa lami. Lamu ina hospitali ya King Fahd, na wahudumu wake wanajitahidi, lakini kumfikisha mgonjwa pale ni kumbeba kwa machela kwenye vichochoro visivyopita gari, na mbebaji wa mbele akishuka ngazi kinyumenyume. Akipewa rufaa, ni mashua hadi Mokowe, halafu barabara ya Witu na Garsen, ambayo ingawa imetiwa lami si ya kuitegemea usiku kwa sababu ya usalama. Njia nyingine ni ndege, nayo uwanja uko ng'ambo, kisiwani Manda. Kwa mzee mwenye moyo mbovu au aliyewahi kupata kiharusi, hili peke yake linaweza kuamua.

Uliza kila makao: mara ya mwisho mzee alipozidiwa usiku, mlifanya nini, na familia ilipigiwa simu saa ngapi? Unachotaka ni hadithi yenye saa na watu. Maelezo ya utaratibu wanayo wote.

Pesa

Watoto wa nje hupenda kuuliza bei kwanza, na mameneja wanalijua hilo, kwa hivyo bei inayotajwa huwa ya kitanda na chakula. Pampasi za watu wazima, dawa, daktari, kufua, tuktuk ya kliniki, vyote vinaweza kuja pembeni. Waombe bili ya mwezi uliopita ya mzee mwenye hali kama ya wako, jina limefutwa. Ukiipata hiyo hutahitaji karatasi ya bei.

Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wazee, humpa mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na anayezipata azipate, lakini mzee anayevaa pampasi mchana na usiku atazimaliza kwa pampasi tu. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, ni ya matibabu. Usitarajie ilipe malazi ya makao, ila hakikisha usajili wake uko sawa na makao wana namba yake, kwa kuwa hospitali itaiuliza saa ambayo wewe umelala.

Tulipokaa na kalamu, jambo lililotushangaza ni kwamba Lamu haikuwa nafuu. Mishahara ya walezi wawili na wa akiba, michango yao ya uzeeni ya NSSF, chakula chao, nesi wa kila wiki, fundi wa choo, pamoja na nauli za sisi kwenda kusimamia, vilikaribia ada ya makao ya kulipia. Walezi wa nyumbani huonekana nafuu pale tu mmoja anapofanya kazi ya watatu.

Kwa masista pesa ni kidogo, na malipo mengine ni subira. Kuna foleni, na foleni hiyo ni ya haki.

Visivyo na thamani ya kulipiwa

Sehemu ya Malindi ya leo ilijengwa kwa macho ya Waitaliano waliokuja kustaafu, kwa hivyo utaonyeshwa bwawa la kuogelea. Sijui mama mkubwa angelifanyia nini, labda kufulia. Televisheni kubwa nayo, mara nyingi, ipo kwa ajili ya wahudumu. Bustani ina faida ikiwa mzee hutolewa nje, kwa hivyo angalia kama viti vya bustanini vina alama za kukaliwa au vina kinyesi cha ndege.

Karatasi

Soma mkataba mahali panaposema nini hutokea mzee akizidi kuharibika. Baadhi humtoa siku atakapoacha kutembea, yaani siku utakapowahitaji zaidi. Uliza ada iliyolipwa mbele hurudi vipi akifariki mwezi ukianza. Uliza pia, bila haya, akifariki wanafanya nini saa ya kwanza. Sisi huzika upesi, na jeneza la kwenda Lamu lina safari ya barabara na ya mashua mbele yake. Meneja wa kulipia alibabaika. Sista alijibu kwamba humpigia imamu wa jirani kabla ya kuipigia familia mara ya pili.

Namba ya siri ya M-Pesa ya mzee isikae kwa mhudumu, wala kwa mlezi wa Lamu, hata akiwa jamaa. Anayegusia hati ya nyumba, toka.

Mwezi wa majaribio

Kwa sababu mama mkubwa sasa anatoka usiku, na nyumba ya Mkomani ina ngazi kila upande, tuliamua Malindi. Kitanda cha masista tuliwaachia wanaokihitaji zaidi, na kwa kulipia tulitaka mwezi wa majaribio wenye masharti yaliyoandikwa: kengele zote zitengenezwe na tuzijaribu wenyewe, aoshwe na wanawake, tambuu iruhusiwe barazani, samaki wake achambuliwe miiba, na zulia la mpira liwekwe bafuni. Walikubali yote, wakagoma kidogo kwenye tambuu. Nyumba ya Lamu haijafungwa wala kupangishwa, ili akishindwa arudi kwake.

Mwezi kama huo usiutumie kupeleka matunda tu. Mpime uzani siku ya kwanza, kwa mizani yako, na umpime tena kila wiki. Akiwa na kilo 50 na akapungua kilo mbili na nusu ndani ya mwezi, hiyo ni asilimia 5, na daktari yeyote atataka kujua sababu. Tazama visigino vyake unapomvua viatu. Tazama leso aliyovaa kama ni yake au ya jirani. Nenda siku usiyotarajiwa, saa ambayo chakula kinaondolewa mezani, uone sahani yake imerudi jikoni na nini. Wiki ya kwanza atalia na atataka kwenda kwao, na hiyo haitoshi kuwahukumu. Wiki ya tatu, akiwa bado hajui jina la hata mhudumu mmoja na hakuna mhudumu anayejua kwamba yeye huamka saa nane, anza kupiga simu Lamu umtafute mlezi wa pili.